Kupanga seti ya lahani za Kiayalandi: anza na kiungo

Seti ya kwanza niliyothubutu kuianzisha mwenyewe, kwenye kikao cha muziki katika baa moja mjini Galway, ilikuwa na jigi tatu, yaani lahani tatu za ngoma za aina moja: Saddle the Pony, Out on the Ocean na The Kesh. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi wiki nzima, na fidla yangu haikunisaliti hata mara moja. Tulipomaliza, mzee wa kodiani aliyekaa ubavuni mwangu akaniinamia na kuniuliza, kwa upole wote, kama ile lahani ndefu ina jina.

Alikuwa ananitania, maana zote tatu anazijua tangu akivaa kaptula. Lakini dongo lilifika. Jigi zote tatu ziko katika ki ya G, yaani noti ya G ndiyo nyumbani kwao, zina mwendo mmoja na tabia moja, nami nilizipiga kwa uso uleule. Mtu aliyekuwa anakunywa chai yake pembeni hakuwa na namna ya kujua kwamba nimehama kutoka moja kwenda nyingine.

Tangu siku ile napanga seti kinyume na nilivyokuwa nikipanga. Zamani niliandika majina ya lahani ninazozipenda, basi, seti imekwisha. Siku hizi naanzia kwenye kiungo, pale moja inapoishia na nyingine inapoingia, najiuliza panatokea nini. Sekunde mbili au tatu zile ndizo zinazofanya seti iitwe seti. Ninayoyaandika hapa yanamfaa mpigaji yeyote wa fidla, filimbi, banjo au kodiani mwenye lahani kumi au kumi na tano mkononi, ambaye bado hajui azioanishe vipi.

Kwanza, seti yenyewe

Lahani ya ngoma ya Kiayalandi ni fupi. Kwa kawaida ina sehemu mbili za vipimo 8 (kipimo ni fungu moja la mapigo), kila sehemu hurudiwa, jumla vipimo 32. Rili, ile aina inayokimbia, ikienda mapigo 112 kwa dakika, mawili kwa kila kipimo, vipimo hivyo vinakwisha kwa sekunde 34 hivi. Ndiyo maana hairuhusiwi kubaki peke yake: inapigwa mara mbili au tatu, kisha bila kusimama wapigaji wanarukia nyingine, halafu nyingine. Lahani tatu, kila moja mara tatu, ni dakika tano na ushei. Sisi tuliolelewa na taarabu, ambako wimbo mmoja unaweza kula robo saa na bado watu wanatunza, tunachukua muda kuuzoea ufupi huu.

Hatua ya 1: chagua aina moja ukae nayo

Rili inahesabiwa nne-nne na inakimbia. Jigi ni sita-nane, ta-ka-ta ta-ka-ta. Ipo pia jigi ya tisa-nane, yenye mafungu matatu ya ta-ka-ta, laini kidogo. Hornpaipu ina nne kama rili, ila ni ya pole na inachechemea. Polka ni mbili-nne, na slaidi ni kumi na mbili-nane. Kwa Kiayalandi rili ni *ríl* na jigi ni *port*, kwa hiyo ukisikia wazee wakitaja port, si bandari.

Seti nzima iwe ya aina moja. Bendi za jukwaani hupenda kuvuka kutoka jigi kwenda rili ili watu washangilie, na inapendeza, lakini kwenye kikao utawaacha nusu ya wenzako njiani. Kama kuna wachezaji wa ngoma ndiyo usijaribu kabisa, kwa sababu hatua zao zimehesabiwa kwa vipimo.

Angalia pia uko wapi. Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, polka na slaidi ndiyo chakula cha kila siku. Huko ndiko Pádraig O'Keeffe (1887–1963) alikofundisha fidla nyumba kwa nyumba, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanapiga. Ukienda Donegal utakuta mazurka na mitindo yenye harufu ya Uskochi. Clare na Galway, jigi na rili hazitakuangusha.

Hatua ya 2: chagua ya mwisho kabla ya ya kwanza

Watu wengi huanza na lahani wanayotaka kuianza. Mimi naanza na ya kufungia. Hiyo ndiyo itakayobaki masikioni mwa watu, na utaifikia vidole vimeshachoka na kasi imeshapanda bila wewe kujua. Kwa hiyo iwe lahani unayoweza kuipiga umefumba macho, tena yenye kuinua. Kama kuna kipande unachokiogopa ndani yake, iteremshe katikati.

Ya kwanza iwe inayojulikana na kila mtu, ili walioweka ala zao chini wazichukue. Ya katikati ndiyo mahali pa uhuru wako: lahani ngeni, au ya ajabu kidogo, au ile uliyojifunza juzi. Ikiharibika, ya tatu itakuokoa.

Hatua ya 3: pima ki

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo seti nyingi zinapofia.

Muziki huu unazunguka ki chache: D, G, A na jamaa zao. Wa kulaumiwa ni ala zenyewe. Filimbi ya bati ya kawaida imetobolewa kwa D, na filimbi ya mbao vilevile. Zumari yao, ambayo mpigaji huijaza hewa kwa mvukuto anaoubana kwa kiwiko, ina mabomba yanayolia D moja kwa moja bila kukoma. Ukileta lahani ya F, mpiga filimbi atatabasamu na kuchukua glasi yake.

Kama umeimba kwaya kwa do-re-mi, jambo hili utalishika upesi kuliko wengi. Chukua ngazi ya D, yenye F shapu na C shapu. Ukiifanya do kuwa nyumbani, una D meja. Ukitumia noti zilezile lakini re ndiyo iwe nyumbani, unapata E yenye giza kidogo, ile wanayoiita E doria, ambayo Waayalandi wanaipenda mno. La ikiwa nyumbani, una B maina. Fanya vivyo hivyo na ngazi ya G, yenye F shapu peke yake: do ni G meja, re ni A doria, la ni E maina, na so ni D ya aina nyingine, D yenye C ya kawaida.

Kwa hiyo usikariri orodha ya majina. Fikiria nyumba mbili jirani, ya D na ya G, kila moja ina vyumba vyake. Ukihama chumba ndani ya nyumba ileile, vidole havioni tofauti lakini masikio yanaiona: rangi imebadilika. Ukivuka kwa jirani, kinachobadilika ni C tu, ya shapu iwe ya kawaida au kinyume chake. Nyumba ya tatu ni A meja, inayoongeza G shapu. Kwenye fidla na banjo ni raha tupu, lakini mwenye filimbi ya bati atalazimika kuziba tundu nusu, basi umfikirie.

Sasa mwelekeo. Kutoka G kwenda A, hatua moja juu, kunainua. Chumba kizima kinakaa wima. G kwenda D kunafungua dirisha. D kwenda G kunatuliza, ndiyo sababu siupendi mwishoni, ingawa wapo wapigaji wazuri kuliko mimi wanaoumalizia hapo. Meja kwenda doria kunaleta kivuli, na kutoka doria kurudi meja ni kama jua limetoka tena.

Tazama alivyofanya Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo (1891–1945) aliyehamia New York na kurekodi huko. Mwaka 1934 aliunganisha rili tatu: Tarbolton, The Longford Collector na The Sailor's Bonnet. Ya kwanza ni E doria, ya pili G, ya tatu D. Ameanzia chumba cha giza katika nyumba ya D, akavuka kwa jirani, akarudi kwake kupitia mlango wa mbele. Santuri za siku zile zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, hakukuwa na nafasi ya kupoteza, na kila uhamisho unasikika wazi. Mpaka leo rili hizo zinapigwa kwa mpangilio uleule. Ukianzisha Tarbolton mahali popote penye wapigaji wazoefu, ujue umeshaahidi nyingine mbili. Usijaribu kuchepuka katikati. Chumba kitaenda na Coleman, wewe utabaki peke yako.

Hatua ya 4: jaribu kiungo, si lahani

Chukua The Kesh, ki ya G. Mwanzo wake, do ikiwa G, ni *do re do, do re mi | re mi re, re mi so*. Lakini mwanzo si shida yetu. Mwisho wake uko juu kabisa: *do ti do, re do re | mi do do, do*, yote kwenye oktava ya juu. Umemuacha msikilizaji darini. Unamshushaje?

Ukiingia Out on the Ocean, ambayo nayo ni ya G, unatua so ya chini na kuendelea katika nyumba ileile, chumba kilekile. Hakuna kosa, wala hakuna tukio. Ndivyo nilivyoulizwa jina la lahani ndefu.

Ukiingia The Lilting Banshee, A doria, unakutana na E ya chini na A mbili, E ya chini na A mbili, kama mtu anayebisha hodi. Noti ni za nyumba ya G vilevile, lakini nyumbani pamesogea hatua moja juu. Inaingia vizuri.

Ukiingia Morrison's, E doria, mambo yanakuwa makubwa. Morrison's inaanza na noti mbili ndefu, E ya chini kisha B, na kila moja inajaza nusu ya kipimo. Tukihesabu do ni D, ni *re... la... | re la, so mi do*. Kutoka G ya juu unaporomoka zaidi ya oktava nzima, halafu unasimama juu ya E ile nzito. Baada ya dakika mbili za noti zinazokimbia bila pumzi, hizo mbili ndefu zinamfanya hata mhudumu wa kaunta ageuze shingo.

Kwa mpiga filimbi ya bati kuna mtego hapo. G ya juu inataka pumzi ya nguvu, E ya chini inataka pumzi ndogo. Ukiingia na nguvu ileile, E itapiga kelele oktava ya juu. Dawa yake ni kuitoa kafara noti ya mwisho ya The Kesh: ikate fupi, vuta pumzi, ingia taratibu. Hakuna atakayeidai.

Zoezi ninalolifanya jikoni, simu ikirekodi juu ya kopo la sukari, ni hili. Napiga vipimo 4 vya mwisho vya lahani ya kwanza na vipimo 4 vya mwanzo vya ya pili, basi. Narudia mara kumi bila kupiga lahani nzima hata mara moja. Kisha narudi nyuma kidogo, naanzia sehemu ya pili ya ile ya kwanza. Halafu nasikiliza simu, na mara nyingi ndipo ninapogundua kwamba kwenye kiungo nimeongeza kasi au nimekula pigo zima.

Kula pigo husababishwa sana na noti za kudokeza, zile mbili tatu zinazokuja kabla ya pigo la kwanza. Kama lahani ya pili inazo, nafasi yake lazima uikate kwenye kipimo cha mwisho cha ile inayoondoka. Wengi hawakati, wanamaliza yote, kisha wanadokeza, na mpiga ngoma anabaki mkono hewani. Hornpaipu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu sehemu zake huishia kwa mapigo matatu mazito na mtu anaona uchungu kuligusa la mwisho.

Mtego mwingine ni kufanana. Rili nyingi zina vipande vya kumalizia vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja. Ukiweka mbili za hivyo jirani, vidole vitaifuata ile vilivyoizoea. Nimewahi kuingia rili ya pili kwa mbwembwe zote na kutokea sehemu ya pili ya rili ya kwanza, watu saba nyuma yangu. Ukiona jambo hilo kwenye mazoezi, usijipe moyo kwamba usiku wa kikao utakumbuka. Zitenganishe.

Hatua ya 5: umbo

Kwa ufupi tu. Lahani yenye sehemu tatu, kama Banish Misfortune au The Musical Priest, ni ndefu. Moja kwa seti inatosha. Zipo rili ambazo sehemu zake hazirudiwi, hizo ni nusu ya urefu, basi ongeza mizunguko. Baada ya lahani iliyojaa noti, weka yenye nafasi ndani yake. Baada ya inayokaa chini, weka inayopanda.

Kanuni ya ki inavunjika hapa. The Boys of Bluehill na Harvest Home ni hornpaipu mbili za D, na watu huzipiga pamoja kila siku bila kuchosha. Sababu ni umbo: Harvest Home ina kipande ambacho vidole vinarukaruka juu ya A isiyohama, kitu ambacho mwenzake hana, na sikio linajua limefika pengine hata bila ki kubadilika.

Umbo hili vitabu havikuonyeshi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905, alichapisha lahani 1,850 mwaka 1903, na nyingine 1,001 za ngoma mwaka 1907. Ni hazina. Lakini zimepangwa kwa aina, jigi na jigi, rili na rili. Ipi ioane na ipi ni kazi yako.

Hatua ya 6: ipeleke kwa watu

Mwambie mpiga gitaa ki zote tatu kabla hujaanza. Sema tu "G, E, D", naye atajua la kufanya. Uliza pia pale ambapo ki hubadilika kwa mahali: Miss McLeod's wengine wanaipiga G, wengine A, na wewe na jirani yako mkitofautiana, hakuna kiungo kitakachowaokoa.

Unapokaribia kuhama, katika mzunguko wa mwisho, inua macho. Wengine huinua mguu, wengine husema "hup!". Mpiga *bodhrán*, ile ngoma ya ngozi upande mmoja ambayo Mzanzibari yeyote angeiita dufu, anakutazama wewe kuliko anavyosikiliza, kwa hiyo usifiche uso kwenye fidla.

Na uwe na lahani ya akiba. Ukiona ya tatu haijulikani na mtu, ipige mara moja tu kisha ingia ya akiba yenye ki hiyohiyo, inayojulikana. Kwa D, The Connaughtman's Rambles kama ni jigi, The Silver Spear au The Merry Blacksmith kama ni rili.

Za kujaribia ukiwa nyumbani: kwa jigi, The Kesh (G), Morrison's (E doria), The Connaughtman's Rambles (D). Ya pili na ya tatu ziko nyumba moja, vidole havibadiliki, ila giza linaondoka ghafla pale F shapu ya kwanza inapolia. Kwa rili, Cooley's (E doria), kisha The Wise Maid (D), na kama mikono inaruhusu, The Mason's Apron (A). Kama hairuhusu, ishia na The Wise Maid. Rili mbili safi zinatosha.

Ile seti ya jigi niliipeleka Galway miezi kadhaa baadaye, mezani palepale. Mzee wa kodiani alipiga nami mwanzo mpaka mwisho, na kwenye ile E nzito ya Morrison's aliuvuta mvukuto mpaka ukanigusa bega. Safari hii hakuniuliza jina la kitu. Aliniambia tu kwamba The Connaughtman's yangu inakimbia.